Barua Zilizochacha

Juma lililopita nilinunua miwani ya kusomea. Muuzaji alikuwa ametandaza gunia nje ya soko, miwani imepangwa safu sita, kumi kumi, isipokuwa safu ya mwisho iliyokuwa na saba. Nilihesabu mara mbili. Alinipa kipande cha gazeti nijaribu nacho.

"Soma hapo, mama. Ukiona vizuri, hiyo ndiyo yako."

"Bei gani?"

"Mia tatu."

"Mia tatu ni vioo au ni macho mapya?"

Akacheka, nami nikaondoka. Akaniita. Nikaondoka tena. Aliponiita mara ya pili tukaelewana nusu ya bei, nikakaa juu ya jiwe nikasoma lile gazeti. Herufi zilikuwa kali kama sindano. Lakini nilipofika mwisho wa aya sikuwa na neno hata moja la mwanzo wake. Nikarudia, maneno yakateleza tena. Nikamwambia yule kijana kwamba macho yameona, ila huko nyuma ya macho hakuna aliyepokea.

"Hiyo, mama," akasema kwa huruma, "sina namba yake."

Nyumbani nilianza kumsimulia binti yangu kisa hicho, naye, bila kuinua uso kwenye simu yake, akasema, "Hooyo, umeshaniambia hiyo. Wewe siku hizi unasahau." Hooyo ndivyo tunavyomwita mama. Nilikuwa na hakika sijamwambia. Nikaenda kuiweka miwani katika mkebe wa bati alioniachia bibi yangu. Nilipoufungua ikanipiga ile harufu ya moshi wa unsi, ubani tunaofukizia nguo na vyombo vya maziwa, nikaketi sakafuni. Ndani kuna barua tatu. Yale maneno ya binti yangu niliwahi kuyasikia, karibu neno kwa neno, yakisemwa juu ya mtu mwingine, na mimi nilikuwepo nikayaunga mkono.

Wazazi wangu walikuwa Griftu, wanauza na kununua mbuzi, mimi nikabaki Garissa kwa ajili ya shule. Nyumba ilikuwa ya Ayeeyo, yaani bibi, mama wa mama yangu. Ayeeyo hakujua a wala be. Alichokuwa nacho ni kichwa. Asubuhi alipokea maziwa ya ngamia kutoka kwa wanawake kumi na wanne wa baadia, huko malishoni nje ya mji, kila mmoja na makopo yake, na hesabu ya kila mmoja aliibeba wiki nzima bila karatasi wala fundo la kamba. Alijua mababu zake ishirini na sita kwa mpangilio, na angeweza kuanzia mkia akarudi kichwani. Kitu aliambiwa mara moja tu. Ukimwambia mara ya pili aliona umemtukana.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kichwa cha namna hiyo, kwa muda. Duksi, chuo chetu cha Kurani, mwalimu alisoma, sisi tukafuata, nami nikaondoka nayo nzima nzima kama mtu aliyemeza tende. Kisha shule ya serikali ikanifundisha kusoma, na nilipoanza kusoma vizuri nikaanza kuacha vitu kwenye karatasi kama watu wanavyoacha viatu mlangoni. Ayeeyo aliliona hilo kabla yangu. Akinituma dukani vitu vitano nilitaka kuandika. "Vitano tu!" alisema. "Huko shuleni wanakutia nini, au wanakutoa?"

Msomi wa nyumba alikuwa Habaryar Sahra. Habaryar ni mama mdogo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akisubiri kazi ya ofisini ambayo ilikuwa njiani tangu nilipoota meno ya pili. Mtaani kwetu, ambako tunasema bula, ndiye aliyesoma kadi za hospitali na barua za chifu. Wengine walikaa mkekani, yeye alipewa kiti. Na alikuwa na kalamu ya rangi nne, ile nene yenye vidude vinne vya kubonyeza, aliyoichomeka kwenye nywele chini ya mtandio. Nilimpenda. Nilitembea kama yeye. Nilikohoa kama yeye kabla ya kusoma.

Ayeeyo alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Aden, mjomba wangu. Alivuka mpaka akiwa kijana, akasomea Somalia, kisha vita vikaja na habari zake zikakatika. Muda mrefu haikujulikana kama yu hai. Ayeeyo hakulia mbele ya watu. Aliongeza tu jina lake kwenye dua, na dua zake zikawa ndefu.

Siku moja dereva wa lori la Mandera akasimama mlangoni na bahasha iliyochafuka. "Ni ya mwanao Aden," akasema. "Nimepewa na mtu aliyepewa na mtu." Bula nzima ikaja. Habaryar akakalia kiti chake, akakohoa, akafungua. Nilikuwa begani pake. Midomo yake ilianza kwenda, ikasimama, ikaanza tena. 

Kisha akasoma, kwa Kisomali kilichonyooka: "Mama mpendwa, natumaini wewe ni buheri wa afya. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kama chuma cha pua."

Maneno hayo niliyajua. Yalikuwa ya mwalimu wetu wa Kiswahili, ubaoni, chini ya kichwa Barua ya Kirafiki. Hapo yalikuwa yamevikwa Kisomali tu.

"Mzima kama chuma?" Ayeeyo akauliza. "Aden ndiye aliyesema hivyo?"

"Ndivyo alivyoandika, Hooyo."

"Huyu mtoto alikuwa akisalimiwa anaingia chini ya kitanda. Haya. Endelea."

Habaryar akaendelea. Aden yuko ng'ambo ya Mandera, mahali penye majani. Ana ngamia jike kumi na mmoja, na mmoja amezaa ndama mweupe. Atakuja mambo yakitulia. Vigelegele vikapigwa. Ayeeyo akaomba aonyeshwe jina la mwanawe, aliguse. Habaryar akamwekea kidole mwishoni mwa ukurasa. Mimi nikasoma kwa sauti nilichokiona: "Chadan."

"Huko wanaandika vingine," Habaryar akasema upesi, akaikunja.

Nilikuwa nimeona na mengine. Herufi zilikuwa zile zile za shuleni, lakini maneno hayakuwa Kiswahili wala Kiingereza, wala hayakufanana na kitu chochote tulichokizungumza nyumbani. Kulikuwa na x kila mahali, na c zisizo na h. Neno la pili lilikuwa machaan. Nilipomuuliza Habaryar akaniambia hiyo ni lugha ya wasomi, nitaifikia.

Baada ya wiki kadhaa wakaja wageni kutoka Hulugho, na Ayeeyo akataka barua isomwe tena. Habaryar akakohoa, akasoma. Buheri wa afya ilikuwepo. Chuma kilikuwepo. Lakini ngamia walikuwa tisa.

"Kumi na mmoja," Ayeeyo akasema.

"Tisa, Hooyo. Hii hapa imeandikwa."

"Ulisoma kumi na mmoja. Na ndama mweupe yuko wapi?"

Habaryar akawageukia wageni na tabasamu, lile la watu wa ofisini. "Hooyo amezeeka. Siku hizi anasahau."

Wageni wakacheka kwa upole. Ayeeyo hakucheka. Alikuwa amekaa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Mimi nami niliwakumbuka wale kumi na mmoja. Walipoondoka wageni nikamfuata Habaryar jikoni. Hakunipiga, wala hakukasirika. Aliinama tukaonana macho kwa macho, akanieleza kwamba barua ni kama maziwa. Siku ya kwanza yana ladha moja. Yakikaa yanachacha, yanakuwa kitu kingine, na hakuna aliyeyagusa. Karatasi inazeeka, na maneno yake yanazeeka ndani yake. Nilikuwa mtoto niliyekulia katikati ya madumu ya maziwa. Kwangu hilo lilikuwa na akili kuliko mengi niliyofundishwa shuleni.

"Ila usimwambie Ayeeyo," akasema. "Ataumia akijua barua ya mwanawe imechacha. Akikuuliza, sema ilikuwa tisa tangu mwanzo."

"Utanipa nini?"

Nasema ukweli, ndivyo nilivyouliza. Akasema nitaitumia kalamu yake siku moja. Nikasema wiki. Tukaelewana siku nne na Ijumaa juu. Nilitoka jikoni nikijiona mfanyabiashara.

Ayeeyo aliniita jioni ile ile, kabla ya Magharibi. Alikuwa anapangusa makopo.

"Wewe una kichwa changu," akasema. "Ulikuwepo siku ya kwanza. Walikuwa wangapi?"

"Tisa, Ayeeyo."

"Tisa?"

"Tangu mwanzo."

Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia kopo alilokuwa ameshika, kama mtu anayeuliza kopo hilo ni la nani. "Haya," akasema. Kalamu nilipoipata, nyekundu, nyeusi na bluu zilikuwa zimekwisha. Iliandika kijani tu. Nimefanya biashara maisha yangu yote na sijawahi kupunjwa kama siku ile, na aliyepunjwa zaidi hakuwa mimi.

Kesho yake Ayeeyo alihesabu maziwa mara mbili. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Wanawake wa baadia wakaangaliana. Wiki iliyofuata akahesabu mara tatu, halafu akamwomba Habaryar awe anamwandikia kwenye daftari. Siku moja mwanamke mmoja akamwambia, "Jana niliacha makopo manane," Ayeeyo akamwambia, "Kama unasema manane, ni manane," bila hata kubisha. Yalikuwa sita, niliyamimina mimi. Siku nyingine nilimsikia akiwataja mababu zake kwa sauti ya chini, akafika wa kumi na saba akanyamaza, akaanza upya, akaacha. Alikuwa hajamsahau. Alikuwa anaogopa tu kukuta hayupo. Mwishowe biashara ya maziwa akampa jirani, akawa anakaa ukutani na tasbihi yake.

Barua mbili zaidi zikaja. Habaryar akazisoma. Chuma cha pua, ngamia, nyasi. Ayeeyo alisikiliza na hakuuliza kitu, wala hakutaka zirudiwe. Habaryar ndiye aliyejibu ile ya pili, kurasa mbili, akampa dereva wa lori.

Kisha akaja pale sokoni mwanamke mrefu kutoka Kismayu, aliyekuwa mwalimu kabla ya vita, akafungua kibanda cha chai. Kwenye kipande cha katoni akaandika kwa mkaa maneno mawili makubwa: CAANO GEEL. Nilikuwa narudi shuleni. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma kila kitu, hata maandishi ya magunia, kwa sauti, ili watu wajue.

"Chano," nikasoma. "Chano geli."

Yule mwanamke akaweka birika chini ili acheke vizuri. "Chano ndiyo nini, binti yangu? Inaliwa?"

"Si umeandika wewe?"

"Wee, umesoma wapi?" Akaniita karibu, akaweka kidole juu ya ile c. "Hii kwetu si ch. Duksi umesoma? Ile herufi ayn, inayotoka kooni. Ndiyo hii. Na x ni ile ha nzito. Hiyo ni lugha ya mama yako, inaandikwa. Hawakukwambia? Soma tena."

Nikasoma tena, kwa koo. Yakawa maziwa. Maziwa ya ngamia, maneno niliyoyasema kila siku ya maisha yangu.

Sikumbuki kama niliaga. Njiani lile neno machaan lilijigeuza lenyewe kichwani: macaan, tamu. Chadan akawa Cadan, yaani Aden. Nilipofika nyumbani nikautoa mkebe chini ya kitanda cha Ayeeyo, nikafungua barua ya kwanza, nikaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Hooyo macaan. Mama mtamu. Ndivyo ilivyoanza. Chuma hakikuwepo. Nimefika Mandera kwa miguu, alisema, sina kitu, kifua kinanisumbua, nitumieni mtu. Barua ya pili ilisema amepata lori, yuko Hagadera, kambi ya wakimbizi, akataja kitalu lilipo hema lake na jina la jirani. Kitambulisho kimepotea, hawezi kupita vizuizi vya polisi kuja Garissa. Njoo wewe, Hooyo, si mbali. Ya tatu ilikuwa fupi. Nimepata barua yenu, sikuielewa. Kama mmenikasirikia, niambieni. Watu ninaokaa nao wanaondoka baada ya Idi, nitaondoka nao.

Idi ilikuwa imepita miezi miwili.

Niliwatafuta wale ngamia. Nilizipitia barua zote tatu, kisha nikazipitia tena. Hapakuwa na ngamia hata mmoja.

Nilimsomea Ayeeyo pale pale ukutani, Habaryar akaingia na mtungi wa maji tukiwa kwenye ya pili. Hakuuliza tunafanya nini. Aliweka mtungi chini, akasimama. Nilipomaliza nilijiandaa kumsikia Ayeeyo akilia kwa ajili ya mwanawe.

"Kumi na mmoja hawapo?" akauliza.

"Hawapo, Ayeeyo."

"Na tisa?"

"Hawapo."

Akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo na kubebeshwa mwingine papo hapo. "Basi sikuwa nimesahau," akasema.

Habaryar akaanguka magotini. "Hooyo, ningesema nini? Kidato cha nne chote, bula nzima imekaa chini, halafu niseme siwezi kusoma lugha ya mama yangu? Nilidhani ni salamu tu. Nilidhani atakuja mwenyewe."

"Ungesema hivyo hivyo," Ayeeyo akasema. "Siwezi. Mimi neno hilo nalisema kila siku, mbona sijafa?"

Kisha akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti. "Na wewe. Siku ile nilikuuliza."

Nikamwambia barua ilikuwa imechacha. Nilimweleza yote, maziwa, karatasi, kuzeeka. Nilimwambia nilikuwa naamini. Hilo ni kweli. Sikumwambia habari za kalamu, na hilo nalo ni kweli.

Tulikwenda Hagadera kwa lori la mchele, Ayeeyo mbele na dereva, mimi juu ya magunia. Tulikipata kitalu. Tulimpata jirani, mama mmoja aliyekuwa anachambua maharage mbele ya hema. Alitupa habari kwa upole na kwa ufupi, maana alishazoea kutoa habari za namna hiyo. Aden alikuwa ameondoka na wenzake kuelekea kaskazini. Alingoja mpaka siku ya mwisho. Akaingia ndani akatoka na karatasi aliyoiacha. Ilikuwa barua ya Habaryar, kwa Kiswahili safi, wino wa kijani: tumefurahi sana kusikia ngamia wako wamezaa.

"Alicheka alipotafsiriwa hii," yule mama akasema. "Alikuwa hana hata kuku. Akasema, mama yangu si mtu wa dhihaka, lazima nimemuudhi sana."

Ayeeyo aliichukua, akaikunja mara nne, akaitupa kwenye moto wa maharage. Zile tatu alibaki nazo. Barua ya nne haikuja.

Habaryar alipata kazi ya ofisini, mbali, na alipokufa nilimwombea dua kama inavyotakiwa. Nimemsamehe kwa mdomo. Lakini kwa umri huu nimeanza kumwelewa kwa namna nisiyoipenda, kwa sababu kichwa changu kimeanza kunifanyia alivyotufanyia yeye. Kikifika mahali kisipojua hakisemi hakijui. Kinakohoa, kinatunga, na kinasoma kwa sauti nzuri. Nikihadithia jambo la zamani naona watoto wanaangaliana, nami sijui kama ngamia ni tisa au kumi na mmoja, au hawakuwepo. Hata hii niliyoandika hapa nimeirudia na miwani mpya, na kila nikiirudia yule mama wa Hagadera anachambua kitu kingine. Na binti yangu akisema nimesahau, natamani kumuuliza ni nani mwingine alikuwepo. Kisha nakumbuka kwamba Ayeeyo naye aliuliza hivyo.

Tuliporudi kutoka Hagadera, Ayeeyo alimwendea jirani akaichukua tena biashara yake ya maziwa. Asubuhi ya kwanza wanawake wa baadia walimkuta amesimama mlangoni kama zamani, daftari limetumika kuwashia jiko. Mababu wote ishirini na sita walikuwepo, aliwapitisha mbele yetu kwa kwenda na kurudi. Makopo alihesabu mara moja, kwa jicho, bila kugusa. Hakukosea tena mpaka alipokufa.

Kwa wote alihesabu mara moja, isipokuwa nilipomletea mimi. Iwe maziwa, mayai au chenji ya dukani, alinishukuru, akaniita kwa jina langu la utotoni, kisha akaketi chini akahesabu mara mbili.